Mwenye Leseni Aingia Kiwandani: Microsoft na Soko la Vishikwambi

Kampuni inayoishi kwa kuuza programu hutofautiana na ile inayoishi kwa kuuza vifaa katika jambo lililo la msingi kuliko bidhaa zenyewe, nalo ni namna gharama zinavyojitokeza. Programu ya kompyuta hula fedha nyingi kuiandaa mara ya kwanza, lakini ikishakamilika, nakala yake ya milioni moja hupatikana karibu bure, na nakala ambayo haikununuliwa haimtii mtu hasara kwa kuwa haikuwahi kutengenezwa. Kifaa kina hesabu nyingine kabisa: kila kimoja kina kioo, betri, chipu na jasho la wafanyakazi ambavyo vimeshalipiwa kabla mnunuzi hajafika dukani, na kila kinachobaki ghalani hushuka thamani mwezi hadi mwezi kwa sababu toleo jipya la mshindani liko njiani. Kwa hiyo, kampuni ya programu inapoamua kutengeneza vifaa, huingia katika uchumi mwingine wenye kanuni zake, na huingia humo huku ingali na wateja, washirika na mazoea ya uchumi ule wa kwanza.

Mfano unaolidhihirisha jambo hili kwa uwazi mkubwa ni wa Microsoft, kampuni ya Redmond katika jimbo la Washington nchini Marekani, ambayo tarehe 18 Juni 2012 ilitangaza mjini Los Angeles kwamba ingetengeneza na kuuza kishikwambi chake yenyewe kwa jina la Surface. Kishikwambi, ambacho wengine hukiita tableti, ni kompyuta bapa ya kubebeka mkononi, isiyo na kibodi ya kudumu, inayotumiwa hasa kwa kugusa kioo chake. Inadaiwa mara nyingi kwamba jaribio hilo lilianguka mwanzoni kwa sababu kampuni ilichelewa, au kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa duni. Ushahidi unaelekeza kwingine. Microsoft ilitaka kuingia katika soko jipya bila kuachia chochote katika soko la zamani, na gharama ya kutaka yote mawili ilimwangukia mnunuzi kabla haijawafikia wenye hisa.

Tangu ilipoanzishwa na Bill Gates na Paul Allen mwaka 1975, na hasa baada ya mwaka 1981, ilipoipatia IBM mfumo endeshi wa kompyuta yake binafsi huku ikibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo huohuo, Microsoft ilijenga utajiri wake juu ya leseni. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Leseni ni kibali anacholipia mtengenezaji wa kompyuta ili aiweke programu hiyo ndani ya mashine anazouza. Compaq, Dell, HP, Acer, Toshiba na wenzao walibeba mzigo wa viwanda, maghala na usafirishaji, wakashindana kwa bei hadi faida yao ikawa nyembamba, ilhali Microsoft ilipokea ada yake kwa kila kompyuta iliyouzwa, yeyote aliyeiuza. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2012, divisheni ya Windows iliingiza zaidi ya dola bilioni 18, ambazo takriban robo tatu yake zilitokana na leseni za watengenezaji hao, na divisheni iliyouza Office, yaani mkusanyiko wa programu za kazi za ofisini kama Word na Excel, iliingiza karibu dola bilioni 24. Takwimu hizi mbili zinapaswa kukaa mbele ya msomaji muda wote, kwa kuwa kila uamuzi juu ya kishikwambi ulipimwa kwanza kwa athari ambayo ungekuwa nayo kwa Windows na kwa Office.

Wapo wanaosimulia historia hii kana kwamba Microsoft ilizinduliwa usingizini na Apple, na simulizi hiyo haiitendei haki. Mnamo Novemba 2001, katika maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas, Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano kishikwambi kingekuwa aina ya kompyuta binafsi inayouzwa zaidi nchini Marekani, na mwaka mmoja baadaye kampuni ilitoa toleo la Windows XP lililoandaliwa kwa ajili hiyo. Mashine zilizotengenezwa na washirika wake zilipata nafasi katika kazi maalumu, kama za hospitali, lakini hazikuingia majumbani. Zilikuwa nzito, zilizidi bei ya kompyuta mpakato za kawaida, na zilitumia mfumo uliobuniwa kwa ajili ya kipanya, wenye vitufe vidogo na menyu nyembamba ambazo mtumiaji alilazimika kuzilenga kwa ncha ya kalamu maalumu. Dosari iliyojirudia muongo mmoja baadaye ilikuwa imeshaonekana hapo, kwa maana kampuni ilikiona kishikwambi kuwa mahali pengine pa kuiweka Windows, na haikujiuliza kama kifaa kipya kingehitaji mfumo mpya. Baadaye, ndani ya kampuni hiyohiyo, kulikuwa na mradi wa kishikwambi chenye vioo viwili kinachofunguka kama daftari, uliojulikana kwa jina la Courier, ambao haukuegemea Windows ya kawaida; ulifutwa Aprili 2010, mwezi uleule ambao iPad iliingia sokoni.

Apple ilianza upande wa pili. Haikuipunguza kompyuta ya Mac hadi ikawa kishikwambi, bali iliikuza simu yake, ikachukua mfumo endeshi wa iPhone, uliokuwa umezoea kidole tangu mwanzo, ikauweka nyuma ya kioo kikubwa zaidi pamoja na chipu ya usanifu wa ARM, aina ya chipu inayotumia umeme kidogo na ambayo ndiyo iliyotawala katika simu. iPad iliyotangazwa Januari 2010 kwa bei ya kuanzia dola 499 iliweza tangu siku ya kwanza kuendesha karibu programu zote za iPhone, ambazo wakati huo zilizidi 140,000, na hivyo mnunuzi hakukabidhiwa kifaa kitupu. Mauzo yalipanda kutoka milioni 32 katika mwaka wa fedha wa 2011 hadi milioni 58 mwaka 2012 na milioni 71 mwaka 2013. Kilichowashangaza washindani ni kwamba bei hiyo ya dola 499, ambayo wengi waliidhania kuwa ya anasa, ilikuwa ngumu kuifikia, kwa sababu Apple ilinunua vioo na kumbukumbu kwa wingi ambao hakuna mwingine aliyeumudu.

Mwaka 2011 ulitoa mafunzo ambayo Redmond haikuweza kudai kuwa haikuyaona. Research In Motion ya Kanada, mtengenezaji wa simu za BlackBerry, ilitoa PlayBook mwezi Aprili bila programu yake ya baruapepe, ingawa baruapepe ndiyo iliyokuwa sababu ya watu kununua bidhaa zake, na kufikia Desemba ililazimika kufuta dola milioni 485 katika thamani ya vifaa vilivyolala. HP, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeinunua kampuni ya Palm kwa dola bilioni 1.2 ili ipate mfumo endeshi wake yenyewe, iliingiza TouchPad sokoni tarehe 1 Julai kwa dola 499 na kuiondoa tarehe 18 Agosti, siku 48 baadaye. Vilivyobaki vikauzwa kwa dola 99, na kwa bei hiyo watu walivigombania. Somo la TouchPad lina pande mbili. Linaonyesha kwamba watu hawakukichukia kifaa, walikikataa kwa bei ya iPad, na linaonyesha pia kwamba bidhaa isiyo na programu za kutosha hulipia upungufu huo katika bei yake. Aliyelielewa somo hilo mapema alikuwa Amazon, ambayo Novemba 2011 iliuza Kindle Fire kwa dola 199 ikitegemea kwamba faida ingetoka kwenye vitabu, filamu na bidhaa ambazo mwenye kifaa angenunua. Google ilifuata Juni 2012, siku chache tu baada ya tangazo la Surface, kwa kutoa Nexus 7 kwa bei hiyohiyo ya dola 199, iliyotengenezwa na Asus ya Taiwan, huku yenyewe ikila matunda ya matangazo ya biashara na duka lake la programu.

Soko ambalo Microsoft ililikuta, basi, lilikuwa limebanwa pande zote mbili. Juu alikaa Apple, ambaye aliuza kifaa na mfumo kwa pamoja na kuchuma faida nono katika kifaa. Chini walikaa Amazon na Google, ambao walikuwa tayari kuuza kifaa karibu na gharama yake kwa kuwa faida yao ilitoka kwingine. Katika mpangilio huo, mtu anayeishi kwa ada ya leseni hana pa kusimama, kwa sababu hakuna mtengenezaji wa kishikwambi cha dola 199 atakayekubali kulipia makumi ya dola kwa mfumo endeshi wakati Android ya Google inatolewa bila ada. Hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi iliyoisukuma Microsoft kiwandani, na ni sababu ya haki. Ilikuwepo nyingine, iliyotajwa kwa sauti ya chini zaidi: washirika wake, waliochoshwa na faida nyembamba, walikuwa wameacha kubuni mashine za kuvutia, na mtu aliyeziweka bega kwa bega na bidhaa za Apple dukani aliiona tofauti kabla hata hajaziwasha.

Lakini washirika walikuwa ndio wateja. Microsoft ilikuwa imewahi kuuza vifaa kabla ya hapo, kuanzia kipanya cha mwaka 1983 hadi mashine ya michezo ya Xbox ya mwaka 2001, na ilishajua uchungu wa kazi hiyo, kwani Julai 2007 ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia matengenezo ya Xbox 360 zilizokuwa zikiharibika. Hata hivyo, karibu hakuna mtengenezaji wa kompyuta aliyeuza mashine za michezo, na kwa hiyo karibu hakuna aliyeumizwa. Surface ilikuwa jambo jingine: Microsoft ilikuwa kama mwenye duka la jumla anayefungua duka la rejareja mlango wa pili kutoka kwa wateja wake wakubwa, huku akiendelea kuwauzia bidhaa ileile ambayo yeye haimgharimu kitu. J. T. Wang, aliyekuwa mkuu wa Acer, alilalamika hadharani Agosti 2012 na kuitaka Microsoft ifikirie mara mbili. HP ilijiondoa katika mpango wa kutengeneza kishikwambi cha Windows chenye chipu ya ARM, na Samsung ikaamua mapema mwaka 2013 kutokiuza chake nchini Marekani. Taarifa ya mwaka ya Microsoft yenyewe, iliyowasilishwa kwa mamlaka za Marekani Julai 2012, ilikiri kwamba Surface ingeshindana na bidhaa za washirika na kwamba jambo hilo lingeweza kupunguza moyo wao kwa Windows. Ni nadra kampuni kuandika kwa uwazi namna hiyo hatari inayoelekea kuitumbukia.

Uamuzi uliofuata ndio wenye mengi ya kuchambuliwa. Surface haikutolewa kuwa kifaa kimoja bali viwili vilivyofanana kwa sura na kutofautiana kwa undani. Cha kwanza, kilichoitwa Surface RT, kiliingia sokoni tarehe 26 Oktoba 2012 pamoja na Windows 8, kikiwa na chipu ya ARM iliyotengenezwa na NVIDIA, uzito wa takriban gramu 680 na bei ya kuanzia dola 499 bila kibodi. Cha pili, Surface Pro, kilifika Februari 2013 kwa dola 899 na kuendelea, kikiwa na chipu ya Intel kama ile ya kompyuta mpakato, uzito wa takriban gramu 900, feni ndani yake, na betri iliyochoka kabla siku ya kazi haijaisha. Tofauti kati ya chipu hizi mbili haionekani kwa macho, lakini ndiyo iliyobeba kila kitu. Programu ya kompyuta huandikwa na kisha kugeuzwa kuwa amri ambazo chipu ya aina fulani inazielewa, na amri zilizoandaliwa kwa ajili ya Intel hazieleweki kwa ARM isipokuwa programu igeuzwe upya na mwenyewe au kuwe na mkalimani, yaani programu ya kati inayozitafsiri amri hizo moja baada ya nyingine. Windows RT, yaani toleo la Windows lililoendesha Surface RT, haikuwa na mkalimani wa aina hiyo. Zaidi ya hapo, Microsoft iliamua kwamba hata programu zilizogeuzwa upya kwa ajili ya ARM zisiruhusiwe katika eneokazi la Windows, isipokuwa zile zake yenyewe.

Mnunuzi wa Surface RT aliyefungua boksi alikutana kwanza na ufundi wa hali ya juu. Mwili wake ulikuwa wa magnesi, mgongoni kulikuwa na kiegemeo kilichofunguka na kukisimamisha kifaa mezani bila kuyumba, na kifuniko chenye unene wa milimita tatu kilinata kwa sumaku kwa mlio mkavu, kikawa papo hapo kibodi ya kuandikia. Aliwasha, akaona vigae vya rangi vya Windows 8, akagusa kigae kimoja na kufika kwenye eneokazi lilelile alilolizoea miaka yote, lenye folda, pipa la taka na Word iliyokuja bila malipo ya ziada. Kila kitu machoni pake kilimwambia kwamba hii ni Windows. Kisha akajaribu kuweka programu ya uhasibu aliyoinunua kwa ajili ya duka lake, au Photoshop, au iTunes, au kivinjari cha Chrome, na kifaa kikamjibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi humo. Alitakiwa aende kwenye duka la programu la Microsoft, ambalo siku za mwanzo lilikuwa na programu zipatazo 10,000, wakati Apple ilikuwa ikitangaza 275,000 zilizoandaliwa mahsusi kwa iPad. Programu rasmi ya Facebook haikufika humo hadi Oktoba 2013, mwaka mzima baadaye.

Kasoro hiyo imeelezwa mara nyingi kuwa ni uhaba wa programu, na maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. iPad nayo haikuweza kuendesha programu za Mac, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu haikuwahi kuvaa sura ya Mac wala jina lake. Surface RT ilivaa vyote viwili, jina na sura. Eneokazi liliachwa humo hasa kwa sababu Office haikuwa imeandikwa upya kwa ajili ya kidole, na Office ndiyo iliyokuwa turufu ya kampuni. Kwa hiyo ili Office iwemo, eneokazi lilipaswa kuwemo, na eneokazi lilipokuwemo, ahadi ya Windows nzima ilikuwemo pia, ingawa haikuweza kutimizwa. Hapa ndipo maslahi ya soko la zamani yalipogeuka mzigo juu ya bidhaa mpya. Mtu aliyetumia dola 600 kununua kifaa na kifuniko chake alistahili kuambiwa waziwazi, kabla hajalipa, kwamba programu zake za zamani hazitafanya kazi. Herufi mbili zisizo na maana kwa mtu wa kawaida, R na T, hazikuwa maelezo ya kutosha, na kutompa maelezo hayo ni kosa la uadilifu wa kibiashara linalozidi kosa lolote la ubunifu katika kifaa chenyewe.

Kosa hilo lilijirudia katika mambo madogo. Kifaa kilichotangazwa kuwa na nafasi ya hifadhi ya GB 32 kilimwachia mwenyewe takriban GB 16, kwa kuwa nusu ilishajazwa na mfumo na Office. Usambazaji nao ulikuwa mfinyu, kwani siku za mwanzo kilipatikana katika maduka ya Microsoft yenyewe na kwa kuagiza mtandaoni katika masoko manane tu, ambayo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Australia, China na Hong Kong, hivi kwamba hata Mmarekani aliyetaka kukishika mkononi kabla ya kununua alilazimika kusafiri hadi mji wenye duka hilo. Afrika haikuwemo kabisa katika orodha hiyo. Wakati vishikwambi vilipokuja kuwa kifaa cha kazi za umma Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya Agosti 2022, ambapo vilivyotumika na makarani viligawiwa walimu baadaye, soko la bei nafuu lilikuwa limeshazoea Android.

Hesabu ililetwa Julai 2013. Microsoft ilitangaza kwamba imefuta dola milioni 900 katika thamani ya Surface RT na vipuri vyake, baada ya kupunguza bei kwa dola 150 hadi dola 349, na siku iliyofuata bei ya hisa zake ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 11. Taarifa ya mwaka ilipotoka, ilionekana kwamba mapato yote ya Surface, RT na Pro kwa pamoja, yalikuwa dola milioni 853, yaani pungufu ya thamani iliyofutwa, na kwamba gharama za matangazo ya kampuni ziliongezeka kwa karibu dola milioni 900, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya Windows 8 na Surface. Kampuni iliyozoea bidhaa ambayo nakala yake haigharimu kitu ilikuwa imeagiza vifaa kwa matumaini ya wauza programu, na ghala halikuwa na huruma. Steven Sinofsky, aliyeongoza Windows na kuizindua Surface akiwa na mkuu wa kampuni Steve Ballmer, alikuwa ameshaondoka tangu Novemba 2012. Ballmer mwenyewe alitangaza Agosti 2013 kwamba angestaafu.

Kilichoiokoa Surface hakikutokana na kuyashinda mapambano ya vishikwambi. Satya Nadella alishika uongozi Februari 2014, na tarehe 27 Machi mwaka huohuo alizindua Office kwa ajili ya iPad, ambayo ilipakuliwa mara milioni 12 katika wiki ya kwanza. Hatua hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana leo, kwani miaka miwili nyuma Office ndiyo iliyokusudiwa kuwa sababu ya mtu kuiacha iPad na kununua Surface; sasa ilitolewa kwa mshindani, na kwa kutolewa huko ikaiondolea Surface jukumu la kuilinda Office. Mwezi Mei ulipofika, Panos Panay, aliyesimamia ubunifu wa Surface, alitangaza Surface Pro 3 yenye kioo cha inchi 12, uzito wa gramu 800 na bei ya kuanzia dola 799, na kuitambulisha kuwa kishikwambi kinachoweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato. Aliilinganisha jukwaani na MacBook Air, kompyuta mpakato ya Apple, akaiacha iPad pembeni. Kampuni ilikuwa imekubali kwamba kioo cha kubebea filamu na magazeti si uwanja wake, ikachagua mwanafunzi wa chuo, mchoraji, mhandisi na mtumishi wa ofisi, watu ambao Windows kamili kwao ilikuwa hitaji.

Matokeo yalikuja taratibu. Katika robo iliyoishia Septemba 2014 Surface iliingiza dola milioni 908 na kwa mara ya kwanza ikauzwa kwa faida ghafi, yaani mapato yalizidi gharama za kuitengeneza. Katika mwaka wa fedha wa 2015 mapato yalizidi dola bilioni 3.5, na mwaka uliofuata yakapita bilioni 4. Kwa kampuni yenye mapato ya zaidi ya dola bilioni 80 kwa mwaka, hilo lilikuwa tawi la wastani, na haingekuwa sahihi kuliita ushindi mkubwa wa kibiashara. Faida yake kubwa zaidi ilikuwa ya namna nyingine, kwani ilionyesha umbo ambalo wengine waliliiga. Lenovo, Dell na HP walitoa mashine zenye kiegemeo na kibodi ya kunata, na Apple yenyewe, Septemba 2015, ikatangaza iPad Pro yenye kalamu na kifuniko chenye kibodi, katika hafla ambapo ofisa wa Microsoft alipanda jukwaani kuionyesha Office. Mwezi huohuo Dell na HP walikubali kuuza Surface Pro kwa makampuni pamoja na huduma zao za matengenezo. Waliotarajiwa kuwa maadui wakawa mawakala, kwa sababu Surface ya bei ya juu haikuwanyang'anya wateja wa mashine nafuu ambao ndio waliobeba wingi wa mauzo yao. Ugomvi wa mwaka 2012 ulitulizwa na bei kuliko maneno ya upatanishi.

Google, kampuni nyingine ya programu, ilipita njia tofauti na kufika mahali pagumu vilevile. Baada ya Nexus 7 kutengenezwa na Asus na Nexus 10 kutengenezwa na Samsung, ilibuni vya kwake, Pixel C mwaka 2015 na Pixel Slate mwaka 2018, kisha Juni 2019 ikatangaza kuacha kutengeneza vishikwambi, na mwaka 2023 ikarudi na kingine. Google haikuwa na mapato ya leseni ya kuyalinda, lakini haikuwa pia na sababu ya kuvumilia hasara kwa miaka mingi, kwa kuwa Android ilienea kwa mikono ya Samsung na wengine bila msaada huo. Uvumilivu wa Microsoft ulitokana na hofu iliyokuwa na msingi, kwani Windows isiyoweza kuishi katika kifaa chepesi ingezeeka pamoja na kompyuta za mezani.

Wazo lenyewe la Windows juu ya chipu ya ARM halikufa. Lilirudi Desemba 2017, safari hii likiwa na mkalimani wa kuendesha programu zilizoandaliwa kwa ajili ya Intel, na mashine za kwanza zilitangazwa na washirika, Asus na HP. Mei 2024, Microsoft ilipotangaza Surface Pro mpya yenye chipu ya Qualcomm ya usanifu huohuo, Acer, Asus, Dell, HP, Lenovo na Samsung walitangaza mashine zao siku ileile, na mkalimani alikuwa ameboreshwa kiasi cha programu nyingi za zamani kufanya kazi bila mtumiaji kujua kwamba zinatafsiriwa. Mambo mawili yaliyokosekana mwaka 2012, yaani ahadi ya jina la Windows kutimizwa na washirika kushirikishwa kabla ya bidhaa kufika sokoni, yalikuwepo yote. Wanunuzi wa Surface RT hawakunufaika na lolote katika hayo: Windows 10 ya mwaka 2015 haikutolewa kwa ajili ya vifaa vyao, duka lao la programu liliendelea kupungukiwa mwaka hadi mwaka, na tarehe 10 Januari 2023 Microsoft ilisitisha rasmi masasisho ya usalama ya mfumo wao.